Wanacheka nguzo, hawatazami juu

Simama mlangoni mwa Kanisa la Kristo, Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, asubuhi ya msimu wa watalii, utaisikia hadithi moja mara nne kabla hujamaliza chupa yako ya maji. Muongozaji (mwenye kitambulisho, si papasi wa kuvizia wageni mitaani) anawapanga watu wake karibu na birika la ubatizo, anazionyesha nguzo kwa kidole, ananyamaza kidogo, kisha anawauliza kama wanaona kasoro. Hawaoni. Basi anawaambia: zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Askofu alikuwa safarini, waashi hawakujua juu ni wapi na chini ni wapi, na aliporudi kazi ilikuwa imeshakwisha. Watu wanacheka, simu zinatoka mifukoni. Kundi linasogea mbele mpaka kwenye duara la marumaru mbele ya madhabahu, mahali panaposemwa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, na kicheko kinakatika hapohapo.

Hadithi hiyo naijua tangu niko skuli. Nguzo zipo, na kweli zimepinduliwa. Kwa hilo sina ubishi. Ninachobishia ni kuachiwa kicheko kile kiwe ndiyo kumbukumbu yote tuliyobakiwa nayo ya mafundi waliojenga jengo lile. Waashi walewale wanaoambiwa hawakujua kichwa cha nguzo na mguu wake ndio waliolimwaga lile kuba lililo juu ya vichwa vya wanaowacheka. Hakuna anayewaambia watalii watazame juu.

Niseme mapema kwamba mie si mtu wa kanisa lile. Nimezaliwa Malindi, chuoni nimesoma Malindi, na mnara niliokua nauona kutoka dirishani ni ule wa msikiti wetu, uliochongoka kama pia. Kilichonipeleka Mkunazini kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima ni ukuta wa nyumba ya bibi yangu, na ukuta huo nitaurudia.

Kwanza tarehe, kwa ufupi, maana wengi wanazijua. Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, waliochochewa na hotuba ya mvumbuzi David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, walianza kazi kwenye nyanda za mto Shire, Malawi ya leo, mwaka 1861. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, akafa mwaka uliofuata. Askofu wa pili, William Tozer, aliihamishia misheni Unguja mwaka 1864, akiwa na Edward Steere. Seyyid Majid, sultani wa Unguja, akawapa watoto watano wa kiume waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, ndiye aliyekuja kuwa shemasi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, mwaka 1879. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, sultani aliyemfuata Majid, alitia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni. Steere akawa askofu mwaka 1874, akaisimamia kazi mwenyewe, akafa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Steere huyu alisomea sheria. Si mhandisi, si msanifu. Hapa si peke yake: huko Blantyre, Malawi, Wapresbiteri wa Scotland wana kanisa lao la matofali, la St Michael and All Angels, lililojengwa kati ya 1888 na 1891 chini ya kasisi David Clement Scott, naye hakuwa amesomea usanifu hata siku moja. Watu husimama mbele ya makanisa yote mawili wakastaajabu: vipi kasisi asiyejua ujenzi aliweza haya? Swali limekaa vibaya. Kama aliyesimamia hakuwa fundi, basi ufundi ulikuwa kwa nani?

Hapo ndipo panapobidi kuzungumza habari ya boriti.

Ingia nyumba yoyote ya mawe katika Mji Mkongwe, ya tajiri au ya maskini, upime chumba kwa hatua zako. Urefu utakushangaza, vyumba vingine ni virefu kama ujia. Lakini upana ni uleule kila uendako, karibu mita 3, mara nyingine pungufu ya hapo. Ungedhani watu wa zamani walikuwa na amri ya serikali. Amri ilitoka kwenye mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaipendi, ila ina urefu wake, na ukiinyoosha kupita kiasi inapinda kwa uzito wa mawe na sakafu iliyo juu yake. Na sakafu ya zamani ni mzigo mzito: chokaa na kokoto, ikitandazwa juu ya boriti na kupigwa kwa vipande vya mbao siku baada ya siku, watu wakiimba ili wapige pamoja, mpaka ikashikana kama jiwe moja. Chumba kilikuwa kipana kadiri boriti ilivyoruhusu. Aliyetaka ukumbi mkubwa alipanga nguzo katikati, na ndiyo sababu misikiti yetu ya kale ina misitari ya nguzo kati ya safu za wenye kusali. Nguzo hizo ni nene, za pembe nne, hazina taji wala kiatu. Ukizipindua hutajua.

Sasa mtu aliyekulia kwenye nguzo za namna hiyo mpe nguzo ya Kizungu yenye mapambo ncha zote mbili, umwambie aisimamishe, kisha uondoke. Atakosea. Lakini kosa lake ni la sarufi. La hesabu halimo: nguzo imebeba ilichotakiwa kubeba, na inabeba mpaka leo. Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, bila shaka aliijua tofauti ya makosa hayo mawili. Wala sidhani yupo aliyejifunza lugha hii ukubwani asipindue neno hata moja, ila wasemaji wenyewe hawakumtungia hadithi ya kuchekesha wageni.

Tutazame juu, basi.

Kanisa la Mkunazini halina boriti juu ya ukumbi wake. Limefunikwa kwa kuba refu, kama pipa lililopasuliwa urefu wake likapinduliwa juu ya kuta mbili, na upana wake unapita mara dufu upana wa chumba chochote cha boriti mjini. Limetengenezwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland. Wakati linajengwa wapo waliotabiri kwamba litaporomoka, tena wengi wao si watu wajinga. Kuba la namna hiyo lina tabia mbaya: halikai tu juu ya kuta, linazisukuma nje, kushoto na kulia, usiku na mchana, kwa miaka yote litakayoishi. Ukuta ukiwa mwembamba, au chokaa yake ikiwa haijakomaa, au mkono wa mwashi ukiwa na haraka, kuta zinafunguka na pipa linaingia ndani. Halijaingia. Limepitisha masika zaidi ya 140, na mizinga ya Waingereza iliyopiga mji mwaka 1896.

Simulizi za kawaida huishia hapo kwa kumsifu Askofu. Wazo alikuwa nalo yeye, na uthubutu pia, simnyang'anyi. Lakini wazo la kumwaga kuba la matumbawe katika pwani hii halikushuka na meli kutoka Uingereza. Ukienda Kilwa Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu, utaona paa la makuba na mapipa ya matumbawe na chokaa ambalo asili yake ni karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta pale mwaka 1331. Mengine yameanguka, mengine yapo, na ukiingiza kichwa chini yake utaona alama za kazi ya mkono. Hapa Unguja penyewe, Kizimkazi Dimbani, kibla cha msikiti kimechongwa kwa matumbawe na maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya kale, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kidichi, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu zenye makuba karibu mwaka 1850, miaka 23 tu kabla ya jiwe la msingi la Mkunazini. Mwashi aliyefanya kazi Kidichi akiwa kijana wa miaka 20 angekuwa na miaka arubaini na kitu kanisa linapoanza: umri ambao fundi ndiyo kwanza anaanza kuitwa fundi.

Sisemi ndiye. Majina ya waashi hayamo katika ubao wowote pale ndani. Maaskofu wana vibao vyao, Livingstone ana msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo ulikozikwa moyo wake, na mabaharia wa Uingereza waliokufa wakisaka majahazi ya watumwa wamekumbukwa kwa vioo vya rangi. Waashi wana ile hadithi ya nguzo.

Anayetaka kuwaona watu wenyewe, au angalau kukaribia walipoishi, inambidi atoke mjini, ashike njia ya uwanja wa ndege, akate kuelekea baharini, afike Mbweni. Kama Mkunazini ni kanisa la askofu, la Mbweni, la Mtakatifu Yohana, ni kanisa la kijiji, nami nalipenda zaidi. Watalii ni wachache. Utakuta mtu anafagia majani, kuku wa jirani, na makaburi.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Tozer mwaka 1871 ili watu waliokombolewa kwenye majahazi wapate pa kukaa. Kila familia ikapata kiwanja cha nyumba na kulima. Skuli ya wasichana ikajengwa ufukweni, na magofu yake yapo hadi leo. Mwaka 1877 akaja Caroline Thackeray kuifundisha, akabaki Unguja mpaka kifo chake mwaka 1926, na amezikwa hapo kando ya kanisa. Balozi wa Uingereza, John Kirk, naye alikuwa na nyumba jirani, akipanda miti ya kigeni kwa mapenzi ya mtu asiye na kazi nyingine, ilhali kazi alikuwa nayo tele.

Watu wa Mbweni walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, waliovuliwa baharini kabla hawajauzwa au baada. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi lao kuelekea Ziwa Nyasa, akidhani atawarudisha kwao. Safari iliishia Masasi, kusini mwa Tanganyika, na huko ndiko chimbuko la misheni ya Masasi. Waliobaki walilima, walijenga, walizaa, na kanisa lao likasimama mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Ukiliona kwa mbali kanisa la Mbweni utasema Uingereza: mnara, madirisha yenye matao, makaburi mbele ya mlango. Likaribie, weka kiganja ukutani. Ukuta ni mnene kama wa nyumba ya Shangani, na jiwe lake ni lilelile unaloliona kwenye nyumba zetu za mawe. Umbo ni la kwao, mwili ni wa hapa. Mie naona huo ndio usanifu wenyewe, maana umbo mtu anaweza kulichora kwenye karatasi akiwa mbali, mwili hauwezi. Mwili unataka mtu anayejua jiwe lipi la matumbawe linachongeka na lipi linapasuka, chokaa ya tanuu ipi imeiva, mchanga upi una chumvi, na ukuta wa namna gani usijengwe mwezi wa nne.

Marafiki zangu wawili watatu hunilaumu hapa. Wanasema nawatafutia utukufu watu ambao huenda walifanya kazi kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, kwenye shamba la misheni, chini ya sheria za misheni. Hilo ni kweli na sina nia ya kulifunika. Kuachiwa huru mwaka 1873 hakukuwa kuwa huru kama tunavyolielewa neno hilo leo. Hata hadhi ya utumwa yenyewe kisheria haikufutwa Unguja na Pemba mpaka Aprili 1897, tena kwa masharti. Ila mtu aliyefanya kazi kwa shida hana sababu ya kunyimwa sifa ya kazi yake pia. Wakati mwingine nadhani kicheko cha nguzo ni mabaki ya utaratibu huohuo wa zamani: kazi ichukuliwe, mwenyewe afanywe mjinga.

Sasa ule ukuta wa bibi.

Nyumba yetu Malindi ni ya ghorofa mbili, ya boriti, ya kurithi, yenye warithi wengi kuliko vyumba. Miaka kadhaa nyuma ukuta wa chini, upande wa uchochoroni, ulianza kumomonyoka. Tukachanga. Tukamleta fundi kijana, hodari, mwenye bei nzuri, akaubandua ukuta wote akaupiga plasta ya saruji, laini kama meza, akaupaka rangi ya maziwa. Jirani mmoja, mzee aliyekuwa mwashi enzi zake, akapita siku ile na mkoba wake wa sokoni, akasimama, akagusa ukuta, akaniambia nimeufunga pua. Nikacheka. Nilidhani mzee anakihusudu kipato cha kijana.

Masika ya kwanza ukuta ulikaa. Ya pili ulianza kupiga tumbo. Ya tatu ile rangi ya maziwa ilijaa vipele, ukivibonyeza vinatoa unga mweupe wenye ladha ya chumvi (ndiyo, nililamba), na siku moja likabanduka bamba zima la plasta, ukubwa wa sinia, likaanguka uchochoroni. Nyuma yake chokaa ya babu zetu ilikuwa imegeuka mchanga. Niliitia kidole ikaingia mpaka kifundo cha pili.

Mzee alinieleza baadaye, kwa subira ambayo sikuistahili. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji kutoka chini na kutoka kwenye mvua. Hauna njia ya kuzuia. Kinachouokoa ni kwamba chokaa inayaachia maji yatoke tena jua likiwaka. Ukiupaka saruji, maji yanaingia na mlango wa kutokea hayaoni. Chumvi inabaki ndani, inaganda, inatanuka, inakivunja kila kinachoshikana nacho. Plasta ngumu hukaa nzima kwa nje, ukuta unaoza ndani, na mwenye nyumba anashukuru Mungu kwa fundi wake.

Nikamuuliza, kwa ushindi kidogo: mbona kuba la Mkunazini lina saruji? Hakuchelewa. Kuba halinyonyi maji ya ardhini, akasema, kuba liko juu. Kuta zinazolibeba ni za chokaa. Aliyejenga alijua kila kitu kinawekwa wapi. Kisha akaniuliza kama nimewahi kulitazama vizuri, nami ilinibidi nikiri kwamba nilichokuwa nikitazama siku zote ni nguzo. Tukaenda naye wiki ile. Alisimama katikati ya ukumbi, kofia yake mkononi kwa adabu ya nyumba ya ibada ya wenzake, shingo imekwenda nyuma, kimya, kwa muda mrefu kiasi kwamba muongozaji aliyekuwa na Wataliani wake alianza kumtazama yeye.

Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hilo linatuletea semina nyingi. Kanisa la Mkunazini lilipata ukarabati mkubwa miaka ya 2010. Lakini Krismasi ya 2020, Beit al-Ajaib, jumba la sultani pale Forodhani, ilianguka upande, ikaua watu wawili. Ile ya mwaka 1883, ya Barghash mwenyewe. Kila mara jengo likianguka tunauliza habari ya fedha, na fedha kweli ni tatizo. Lakini nenda kamtafute leo mtu wa kukuchomea chokaa ya matumbawe. Tanuu zimepungua, na matumbawe yenyewe hatuna ruhusa ya kuyavunja ovyo, kwa haki kabisa, maana samaki nao wanakaa. Vijana wanaojua kukoroga chokaa si wengi, na wanaojua hawapati kazi kwa sababu mwenye nyumba anataka ukuta ukauke kabla ya Idi. Nani atamlipia mwanawe akajifunze ufundi ambao hadithi yake maarufu kuliko zote, inayosimuliwa mara nne kila asubuhi, ni kwamba wenye nao hawakujua juu na chini?

Nyumbani tumeshaibandua saruji yote ya upande wa uchochoroni. Ukuta uko uchi, jirani wanauliza kama tumefilisika. Nyuma ya uani tumechimba shimo, tumeiloweka chokaa humo na kuifunika kwa magunia, na mzee anapita kila Ijumaa baada ya sala kuichungulia. Anachovya kijiti, anakinyanyua, anaangalia inavyodondoka. Ijumaa iliyopita alisema bado, labda baada ya vuli.